Umelipiwa na nani? Siku nane, Dar hadi Guangzhou na kurudi

Jumatatu, Dar es Salaam

Mama alilitoa gauni kabatini tangu alfajiri, lile la kitenge cha bluu nililoshonewa harusi ya binamu yangu, akalitandika kitandani. "Leo unakaa mbele. Vaa wakuheshimu." Nikamwambia safari ni ndefu, na nikitua kuna kazi, kwa hiyo nitavaa truki suti na raba kama siku zote. Hakubishana na mimi. Alilikunja gauni taratibu, akalichomeka kwenye begi langu la mgongoni juu ya daftari, akafunga zipu.

Nina miaka 24. Nauza mikoba ya kike Kariakoo, jirani na Mtaa wa Kongo, na hii ni safari yangu ya kumi na mbili kwenda Guangzhou kufuata mzigo. Zile kumi na moja nilikaa nyuma, mara nyingi kiti cha katikati, kwa sababu tiketi ya bei ya chini haikuachii nafasi ya kuchagua. Lakini kila safari shirika la ndege linakuwekea pointi, na zikitosha unalipia nazo kiti cha mbele, cha daraja la biashara, kinachonyooka ukalala. Wenzangu wengi hawazifuatilii, hata namba ya uanachama hawaitaji wanapokata tiketi. Mimi nimeziandika zote, safari kwa safari, kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari la madeni.

Mwezi Juni nilishuka Guangzhou miguu imevimba hadi raba zikakataa kuingia, nikashinda hotelini nimeegemeza miguu ukutani. Siku moja kule ni pesa ya chumba, ni pesa ya chakula, na ni mzigo mzuri anaouchukua aliyekuwahi. Nikaapa kwamba pointi zikitosha, mzigo wa Desemba naufuata nimelala. Zikatosha za kwenda tu. Kurudi ningerudi nyuma kama kawaida. Shirika silitaji, maana waliokosea ni wachache na walionihudumia vizuri ni wengi.

Pale Terminal 3 abiria wa daraja la biashara wana mstari wao, mfupi. Nikaingia. Mstari wa kawaida ulikuwa umejaa, na katikati yake walisimama wasichana kama ishirini, kila mmoja ameshika bahasha ya plastiki inayoonyesha ndani: pasipoti mpya, karatasi za mkataba, picha mbili ndogo. Wakala wao alikuwa akiwahesabu kwa kidole kama mwalimu wa zamu. Wengi ni wadogo wangu kabisa. Wanakwenda Ghuba kufanya kazi za ndani, ukadama kama tunavyousema wenyewe.

Mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu akanigusa bega. "Binti, wenzako wako kule."

Sikumwelewa. Nikatazama alikoonyesha.

"Makadama wanapanga ule mstari. Huu ni wa biashara."

Nikamwamkia. "Shikamoo mama. Na mimi ni wa huu huu." Macho yake yalianzia kwenye raba, yakapanda kwenye truki suti, yakasimama usoni kidogo, kisha yakashuka kwenye pasipoti yangu kana kwamba ndani ya yale majalada kuna kitu nimekiiba. Hakuitikia shikamoo. Ilipofika zamu yangu alisogea karibu kabisa ili asikie nitaambiwa nini kaunta. Nikaambiwa karibu, nikapewa bodingi pasi yangu, na begi langu likawekewa lebo ya kutangulia. Basi.

Nataka kusema vizuri kilichoniuma, kwa sababu usiku mzima nilikuwa nakitafuta. Kuitwa kadama hakukuniuma. Dada yangu mkubwa amefanya kazi hiyo Muscat miaka minne. Soko la Kariakoo lilipoungua Julai 2021, meza ya viungo ya mama ilikwenda na moto ule pamoja na kila kilichokuwa chini yake, na nyumbani tulibaki tunatazamana. Dada ndiye aliyetuma shilingi milioni moja na laki mbili. Alizikusanya kwa kuamka saa kumi alfajiri kwenye nyumba yenye watoto watano na kulala baada ya mgeni wa mwisho kuondoka. Laki saba zikaingia kwenye kodi na chakula, laki tano nikanunulia mikoba ya jumla hapo hapo Kariakoo, nikaanza kuitembeza mkononi. Kila ninachokimiliki leo kimeanzia kwenye mikono ya kadama. Kwa hiyo yule mama alipolitamka lile neno kama mtu anayeonyesha mahali pa kutupa taka, alimgusa dada yangu, na mimi nikamjibu kwa adabu tu. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba nilijitetea mwenyewe na dada sikumtetea.

Jumatatu jioni, angani

Mnaokaa nyuma mnajua: mkipanda mnapita katikati ya viti vile, mnavitazama kwa pembe ya jicho, mnaendelea. Safari hii nilikuwa mimi niliyekaa, na wengine ndio wanaopita. Nikaona aibu, sijui ya nini. Wale wasichana wa bahasha walipita mmoja mmoja. Mmoja aliniangalia akatabasamu waziwazi kama aliyeona jirani kwenye luninga. Nyuma yao akapita mfanyabiashara mwenzangu wa Kariakoo, tunafahamiana kwa sura. "Heee!" akasema kwa sauti ya kufika mbali. "Umepata mtu!" Akaenda zake. Abiria wawili wa mbele waligeuka kunitazama.

Mhudumu akaja na trei, juu yake vitaulo vidogo vilivyoviringishwa, akakishika kimoja kwa koleo akaniwekea mkononi. Kilikuwa cha moto hasa, chenye harufu ya ndimu, na mvuke unatoka. Sikujua ni cha uso au cha mikono. Jirani yangu, mzee wa miaka sitini hivi mwenye suti ya kijivu, alijifuta viganja, halafu shingo. Nikafanya vilevile.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, binti. Unamfuata mume?"

"Hapana baba. Nakwenda China, kazini."

"Aa." Akanyamaza kidogo. "Mzee wako ni nani?" Alitaka jina la kigogo.

"Alishatangulia mbele ya haki. Alikuwa fundi cherehani, Mbagala."

"Pole sana." Alimaanisha, nilisikia. Kisha akainama upande wangu, sauti ya chini: "Sasa, umelipiwa na nani?"

Nikamweleza yote: mikoba, safari kumi na moja, pointi. Alitikisa kichwa kama unavyomwitikia mtoto anayekusimulia ndoto. "Mjini hapa, binti yangu, uwe mwangalifu. Vitu vya kupewa vina gharama yake." Aliniusia kama baba, kwa moyo mweupe, na ndiyo maana sikuweza kumkasirikia. Mtu akikutukana unajua pa kuanzia. Mtu anayekuhurumia kwa jambo ambalo hukulifanya, utamshika wapi?

Nikamuuliza, kwa heshima ile ile: "Na wewe baba, umelipiwa na nani?"

"Ofisi," akajibu mara moja. Alikuwa anakwenda semina ya siku tatu. Akafungua gazeti.

Nimeligeuza jambo hili kila upande. Kiti cha yule mzee kimelipwa na watu wengine kabisa, wala si dhambi, ndivyo kazi yake ilivyo. Changu nimekilipa mwenyewe, kwa magoti yaliyobanwa safari kumi na moja. Lakini swali limeletwa kwangu, na yeye pengine tangu aanze kukaa mbele hajaulizwa hata mara moja. Angekuwa kijana wa kiume wa umri wangu wangesema anauza unga au ni mtoto wa waziri. Mimi kwa kuwa ni msichana, jibu limeshaandaliwa: kuna danga mahali fulani.

Tukatua Ghuba usiku. Mlangoni mwa launji, chumba cha kupumzikia abiria wa daraja la biashara, kijana wa mapokezi alinyoosha mkono kunielekeza nje kabla sijafungua mdomo: viti vya abiria wote viko kule, mbele ya maduka. Nikampa bodingi pasi. Aliiskani mara mbili, mashine ikaitika mara zote mbili, na hapo akaomba radhi kwa dhati, uso umembadilika. Na yeye alikuwa kijana, wa rika langu, mbali na kwao. Nilikaa pembeni karibu na dirisha nikala wali na samaki. Saa nne za kusubiri, na kila aliyepita niliona ananikagua, ingawa pengine wengi walikuwa wanatafuta tu pa kuchajia simu. Kuulizwa sana kunafanya hivyo: unaanza kusikia maswali hata yasipoulizwa.

Jumanne, angani hadi Guangzhou

Ndege ya pili nililala. Acha niielezee, kwa sababu nimeingoja miaka mitatu. Kuna kitufe pembeni mwa mkono, ukikibonyeza kiti kinaanza kujinyoosha chenyewe polepole, mgongo unashuka, sehemu ya miguu inapanda, hadi vinakutana na kuwa kitanda. Mhudumu, dada wa Kifilipino, alinitandikia godoro jembamba, akanionyesha pa kuzimia taa. Kuna kipochi cha kitambaa, ndani yake soksi, mswaki, mafuta ya midomo. Nilivua raba nikazilaza pamoja chini. Nilinyoosha miguu nikatafuta mwisho wa kitanda kwa vidole, nikakuta bado kuna nafasi. Nikalala saa nne bila kugeuka.

Baiyun, uwanja wa ndege wa Guangzhou, tulitua mchana. China iko mbele yetu kwa saa tano, kwa hiyo mwili wangu ulikuwa bado asubuhi. Alama za vidole, picha, muhuri, begi. Raba zimeingia vizuri. Nikafika hotelini Xiaobei, mtaa wanakofikia Waafrika wengi, jua likiwa bado lipo, nikatembea kwenda kula kwenye mgahawa wa Waislamu wa kaskazini-magharibi mwa China, wale wanaovuta tambi kwa mikono mbele yako. Miguu haikuniuma hata kidogo.

Jumatano, Sanyuanli

Kutoka Xiaobei unapanda metro namba 5 kituo kimoja hadi stesheni kuu ya treni, unahamia namba 2, kituo kimoja tena, umefika Sanyuanli. Hapo ndipo mikoba ilipo: majengo ya ghorofa, kila ghorofa vyumba vya kioo, kila chumba mikoba kuanzia sakafuni hadi darini. Harufu ya gundi na ngozi ya bandia inakupokea tangu mlangoni.

Muuzaji ninayemfuata siku zote ni msichana, nadhani ananizidi mwaka mmoja au miwili. Hatuna lugha, tuna kikokotoo. Aliponiona tu akasema, "Laoban!" Maana yake bosi, mwenye duka. Kule mnunuzi ni laoban, awe amevaa suti au kandambili. Hajawahi kuniuliza umri wangu, wala nani yuko nyuma yangu. Anachotaka kujua ni vipande vingapi na rangi gani.

Akaandika 38. Nikaandika 24. Akacheka, akaushika mkoba, akaugeuza ndani nje kunionyesha mshono. Mimi siangalii mshono kwanza. Naanza na zipu: naifungua na kuifunga mara kumi, upesi upesi, kwa sababu mteja wa Kariakoo atafanya hivyo hivyo mbele ya wenzake. Kisha navuta mkanda pale unaposhikana na pete, navuta kwa uzito wa mwili. Kisha bitana, nainusa. Gundi ikinuka kali, mzigo ukikaa mwezi mzima kwenye kontena la joto, ngozi inaanza kubanduka kabla haujafika Dar. Huu ulikuwa mzuri. Tukamalizana yuan 28, kama shilingi elfu kumi na kidogo. Vipande 240, rangi nne, nyeusi nyingi zaidi. Nikalipa nusu.

Usiku nikafanikiwa kufungua WhatsApp, ambayo kule haifunguki hivi hivi. Kwenye kundi letu la wafanyabiashara ujumbe 112. Yule wa "umepata mtu" alikuwa ameshasimulia. Mmoja anasema ni mzee wa bandarini, mwingine anasema alishaniona na gari Masaki, kwa matajiri. Masaki mara ya mwisho nilipeleka oda kwa bodaboda. Kaka mmoja ninayemheshimu, aliyenifundisha njia za Xiaobei safari ya kwanza, aliandika: "Nilikuwa najiuliza mtoto mdogo vile mtaji anatoa wapi." Hilo nililisoma mara tatu. Niliandika jibu refu, nikalifuta. Nikaandika jingine kali, nikalifuta pia.

Alhamisi na Ijumaa

Kazi tu. Pochi ndogo za harusi, mikoba ya shule, viatu kidogo kwa majaribio. Mvua ya Alhamisi ilininyeshea hadi soksi. Saa tatu asubuhi niko mlangoni, saa kumi na mbili jioni natoka. Siku mbili hizi nilizifanya kwa nguvu ambazo mwezi Juni sikuwa nazo, na nimeziandika kwenye daftari kama faida, kwa sababu ni faida.

Jumamosi, ghala la mizigo

Nilishinda kwa wakala. Katoni zinapimwa urefu, upana na kimo, zinatiwa alama ya jina la duka kwa kalamu nene, zinaviringishwa mifuko ya salfeti. Mzigo wa meli unatozwa kwa ujazo na mzigo wa ndege kwa kilo. Mikoba ni myepesi lakini inakula nafasi, kwa hiyo tunaikandamiza, mmoja ndani ya mwingine, na karatasi tunazitoa zote. Nimetuma kwa meli. Mungu akijalia itafika kabla watu hawajaanza kununua vya sikukuu.

Nikiwa nimekaa juu ya katoni nikisubiri risiti, nilifungua daftari ukurasa wa mwisho. Safari kumi na moja, tarehe, pointi, jumla chini nimeipigia mistari miwili. Nikaupiga picha nikautuma kwenye kundi. Chini yake nikaandika: "Shikamooni wakubwa. Aliyenilipia ni huyu. Na mtaji alinipa dada yangu, alikuwa kadama Muscat." Sikuongeza neno.

Kundi likanyamaza muda mrefu. Halafu wanne wakanifuata pembeni kuuliza namna ya kujiandikisha pointi. Nikawaelekeza wote. Yule kaka hakuandika chochote siku hiyo.

Jumapili, njiani

Kiti 41E, katikati. Kushoto kijana wa Kinaijeria na kichwa chake begani kwangu, kulia bibi wa Kichina aliyenigawia chungwa. Hakuna aliyeniuliza nimelipiwa na nani.

Ghuba, kwenye lango la ndege ya Dar, nilikaa jirani na msichana aliyekuwa anarudi nyumbani. Mabegi mawili makubwa alishayakabidhi, amebaki na la mkononi limefungwa kwa kamba. Viganja vyake vilikuwa vyeupe, vimechubuka pale kwenye vifundo, kama vya dada alivyorudi navyo. Dawa ya kusafishia sakafu hufanya hivyo.

"Dada, na wewe umemaliza mkataba?" akaniuliza.

Kulikuwa na majibu mengi. Nikamwambia, "Mimi nimetoka China kufuata mizigo. Dada yangu ndiye aliyekuwa Muscat. Miaka minne."

"Nyumba gani?"

Nikamtajia mtaa. Akaujua. Akasogeza begi lake nikae vizuri, tukaongea hadi tukaitwa kupanda. Amekusanya za kumalizia chumba kimoja cha mama yake Tanga, bati na sakafu. Aliniuliza mikoba inalipa kiasi gani. Nilimweleza ukweli wote, pamoja na miezi niliyokula hasara. Nikamwandikia kwenye karatasi namna ya kujiandikisha pointi za safari aliyokuwa anaifanya siku ile ile. Akaikunja akaiweka ndani ya pasipoti.

Jumatatu, nyumbani

Ujumbe wa yule kaka niliukuta nilipowasha simu uwanjani. "Nimekosa. Msalimie dada yako." Nimemjibu: "Salamu zimefika, kaka."

Gauni la bluu lilirudi kama lilivyokwenda. Mama alilitoa kwenye begi, akalinusa, akalirudisha kabatini.

Dada alikuwa uani anachambua mchele kwenye ungo. Nikampa kile kipochi cha kwenye ndege. Alitoa soksi, akazipima kwa mguu wake bila kuzivaa, akazirudisha. Yeye kwa miaka minne amepanda ndege mara mbili, kwenda na kurudi, na zote alikaa mwisho kabisa, ukuta wa choo nyuma yake, kiti kisicholala.

"Ni kweli kinalala?"

"Kinalala."

"Chote?"

"Chote, dada. Kama kitanda. Nilinyoosha miguu haikufika mwisho."

Akaupepeta ungo, makapi yakaruka. "Ukalala?"

"Saa nne."

"Vizuri," akasema, akaokota kijiwe kwenye mchele, akakitupa.